Sura ya Nne: Sanduku na Bamvua

Mkulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, hahesabu siku zake kwa Jumatatu na Ijumaa. Anahesabu kwa maji. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, huja bamvua. Bahari hutoka mbali, mashamba yakabaki na maji ya magotini, na hizo ndizo siku za kushuka: kukaza vigingi, kufunga mbegu kwa vikamba vya tai-tai, kuvuna kilichokomaa, kukokota magunia mazito hadi mchangani. Yakiingia maji mafu, kazi huhamia nchi kavu. Huko kuna kuanika na kugeuza, kuokota taka, kutengeneza kamba, na juu ya hayo yote kupika na kulea.

Fedha nayo huja kwa mwendo huohuo. Mwani hukaa majini wiki sita hivi, kisha ukauke, kisha mnunuzi afike na mizani yake. Lakini homa ya mtoto haisubiri bamvua, wala daftari la shule halisubiri mizani. Kati ya siku ya haja na siku ya malipo kuna pengo, na wanawake wengi wa vijijini, wawe wa pwani, wa milimani au wa mbugani, wameishi ndani ya pengo hilo maisha yao yote. Chombo kilichowasaidia kuliko vingine kuliziba ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku hilo linastahili sifa nyingi, ila lipo pengo jingine ambalo haliwezi kuliziba.

Mwani wa biashara ulianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Zilikuja aina mbili, zinazojulikana hadi leo kwa majina ya spinosum na cottonii. Ndani yake mna karajinani, ute ambao viwanda vya mbali huutumia kuipa dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi ule uzito wake laini. Wanaume wengine walijaribu kilimo hicho, wakaona malipo ni madogo kuliko ya uvuvi au ya kazi za hotelini, wakaacha. Wanawake wakabaki. Leo wakulima wa mwani Unguja na Pemba ni zaidi ya 20,000, na katika kila kumi, wanane hivi ni wanawake.

Kabla ya hapo fedha ya mwanamke wa ukanda huo ilitoka kwenye makumbi. Aliyafukia mchangani ufukweni kwa miezi mingi, akayafukua yakiwa yameoza, akayaponda kwa gongo, akasokota kamba za usumba na kuziuza kwa senti. Mwani ulikuwa mapato ya kwanza makubwa yaliyofika mkononi mwake moja kwa moja. Wapo waume walionung'unika, wakisema mke anashinda baharini na nyumba imekaa. Manung'uniko yalipungua sare za shule zilipoanza kununuliwa. Watafiti waliofika katika vijiji hivyo miaka ya 1990 waliwakuta wanawake wakinunua vyombo na vitanda, na wengine wakijenga nyumba zao wenyewe, tofali kwa tofali.

Nyumba hizo zina maana kubwa kuliko anayetazama kwa juu anavyodhani. Katika ndoa ya pwani, mali ya mume ni ya mume na ya mke ni ya mke. Siku ya talaka, mwanamke hubaki na kile alichokiweka kwa jina lake. Kwa hiyo swali la wapi pa kuweka shilingi, mbali na mfuko wa mume, mbali na shida za shangazi na binamu, mbali hata na mkono wake mwenyewe sikukuu inapokaribia, linagusa usalama wake. Benki ilikuwa mjini. Nauli ya kwenda na kurudi ingeweza kumeza alichotaka kuweka, na akifika kuomba mkopo angeulizwa hati ya nyumba na dhamana.

*

Upatu ulikuwepo kabla ya mashirika yote. Wanawake kumi wanatoa shilingi 10,000 kila wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na laki. Hakuna karatasi, hakuna afisa, na anayekimbia na zamu ya wenzake hujulikana kijiji kizima. Ni utaratibu mzuri ambao umesomesha watoto wengi. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kubwa: zamu haijui shida. Mtoto akiugua wiki ya tatu na zamu yako ni ya tisa, upatu haukusaidii kitu.

Suluhisho lililoenea zaidi Afrika lilizaliwa mbali na bahari, katika mkoa wa Maradi nchini Niger, mwaka 1991. Shirika la CARE lilikuta kule michezo ya fedha inayofanana na upatu, likakaa na wanawake kuipanua: badala ya chungu kutolewa chote kwa mtu mmoja, kiwe mfuko wa pamoja unaokopwa na kurejeshwa. Waliuita Mata Masu Dubara, maana yake kwa Kihausa ni wanawake wenye ubunifu. Wengi wao hawakujua kusoma, hivyo hesabu zilitunzwa kichwani. Kila mwanachama alikumbuka yake na akasikia ya wenzake ikitajwa kwa sauti mbele ya wote. Inafaa kulikumbuka hilo kila mara mtaalamu anaposema wanawake wa kijijini hawawezi kuendesha fedha mpaka wapelekewe mhasibu.

Mfumo huo ulifika Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ulifikia msituni. Vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, makazi ya kima punju, viliishi kwa kukata kuni na kuchoma mkaa. CARE ilikuwa ikishughulika na hifadhi, ikatambua kwamba mtu hawezi kuambiwa aache msumeno bila kupewa mahali pa kukopa. Vikundi vya kuweka na kukopa vikaanzishwa, baadaye vikaungana katika jumuiya yao, JOSACA. Jambo la kusisimua lilitokea baada ya wafadhili kuondoka. Tathmini ya mwaka 2006 ilikuta vikundi havikufa. Vilikuwa vimeongezeka, vingi vikiwa vimeanzishwa na wanakijiji waliofundishana wenyewe kwa wenyewe. Miradi mingapi ya maendeleo huongezeka baada ya magari ya mradi kuondoka?

Tanzania Bara jina lililoshika ni VICOBA, ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii vijijini. Waswahili wakalichukua wakalifanya lao: kimoja kikoba, vingi vikoba. Imesadifu vizuri, maana kikoba katika lugha yetu ni mkoba mdogo, na mkoba mdogo ndicho chombo alichobebea mwanamke akiba yake tangu zamani.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Watu 15 hadi 30 wanaojuana hukaa pamoja na kutunga katiba yao. Huchagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wahesabu fedha wawili, kisha huchagua wengine watatu wasio viongozi wawe watunza funguo. Sanduku hulala nyumba moja, na funguo tatu hulala nyumba tatu nyingine. Halifunguliwi isipokuwa kikaoni, wote wakitazama. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hugongewa mhuri katika kitabu chake. Asiyejua kusoma anajua kuhesabu mihuri. Pembeni kuna mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa, unaochangiwa kwa usawa. Anayechelewa hulipa faini, na anayepiga soga wakati wa kuhesabu naye hulipa.

Tuchukue mfano. Kikundi kina wanawake 25, hisa ni shilingi 2,000, na kwa wastani kila mmoja ananunua hisa tatu kwa wiki. Hiyo ni shilingi 150,000 kila kikao. Baada ya vikao 50 sanduku limepokea shilingi 7,500,000, bila mfadhili kutia hata senti. Lakini fedha hizo hazilali. Mwenye akiba ya shilingi 100,000 anaweza kukopa hadi mara tatu yake, akanunua mafuta ya nazi ya kutengenezea sabuni, au unga na sukari vya biashara ya maandazi, akarejesha ndani ya miezi mitatu. Mwisho wa mwaka kikundi huvunjwa kwa mgao, kila mtu kwa hisa zake pamoja na faida, kisha mzunguko unaanza upya. Tarehe ya mgao wanaichagua wenyewe. Mara nyingi huwekwa karibu na Ramadhani, au kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Hapo ndipo linapoingia suala ambalo vitabu vingi vya mafunzo hulipita haraka. Vikundi vingi hutoza asilimia tano au kumi kwa mwezi. Mkopo wa shilingi 300,000 kwa miezi mitatu, ukitozwa asilimia tano, unarudi na nyongeza ya shilingi 45,000. Kwa kipimo cha benki hiyo ni riba ya juu. Watetezi hujibu kwamba nyongeza hairudi kwa tajiri yeyote, inarudi kwa mkopaji mwenyewe na wenzake siku ya mgao, na jibu hilo lina ukweli. Lakini visiwani, ambako karibu watu wote ni Waislamu, swali halihusu tu nani anafaidi. Riba ni haramu, na mwanamke mcha Mungu hawezi kutulizwa kwa hesabu ya mgao. Vipo vikundi vinavyokopesha bila nyongeza yoyote na kuridhika na akiba yao kukaa salama. Vipo vinavyopokea mchango wa hiari anaoutoa aliyepata faida. Mfumo uliwapa wanachama haki ya kutunga katiba yao, na kwa haki hiyo waliweza kuingia na imani yao bila kuomba ruhusa ya mtu. Benki iliyoandika masharti yake Dar es Salaam ilihitaji miaka mingi kufungua dirisha la Kiislamu. Kikundi kingeweza kulimaliza jambo hilo katika kikao kimoja.

*

Je, sanduku linaondoa umaskini? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia vikundi vya namna hii Ghana, Malawi na Uganda, ulitoa jibu la wastani. Biashara za kaya ziliboreka, na sauti ya wanawake katika maamuzi ya nyumbani ilipanda. Lakini kwa wastani matumizi ya kaya, yaani chakula na mahitaji ya kila siku, hayakubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Wapenzi wa vikoba walisononeshwa na matokeo hayo, ingawa hayakupaswa kumshangaza aliyewahi kukaa ufukweni siku ya kupima mwani. Sanduku huhamisha fedha ya mwanamke kutoka siku aliyoipata hadi siku anayoihitaji. Hiyo ni kazi kubwa, na anayeidharau hajawahi kuuza mbuzi wa watoto ili kulipia nauli ya hospitali. Hata hivyo sanduku halibadilishi kiasi anacholipwa kwa kazi yake.

Na pale ambapo halipo, hali ni mbaya zaidi. Tanzania imelizoea neno kausha damu: mikopo ya haraka ya mtaani yenye marejesho ya kila siku au kila wiki, ambayo mkopaji akiteleza mara moja, godoro na televisheni hubebwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ililenga kuwaweka wakopeshaji wote chini ya usimamizi, na ikavitambua vikundi vya kijamii, vikoba vikiwemo, kuwa daraja la nne, vikisajiliwa kupitia halmashauri. Mwaka huohuo halmashauri za Bara zilifungwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Nia ilikuwa njema. Lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo, na Aprili 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa, ikaja kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Tofauti kati ya mikopo hiyo na sanduku iko wazi. Fedha ya halmashauri ilitoka juu, na vikundi vingine viliundwa wiki moja kabla ya fomu kujazwa, na watu wasiodaiana chochote. Ndani ya sanduku kila shilingi ina jasho la mtu anayekaa kwenye mkeka uleule. Mtu huona haya kumdhulumu jirani aliyemfulia nguo alipojifungua. Mkopo wa serikali ungefanya kazi vizuri zaidi kama ungekifuata kikundi kilichokwisha kuvunja sanduku lake mara mbili au tatu bila ugomvi, na wapo maafisa maendeleo ya jamii wanaolijua hilo vizuri.

*

Ushirika ni neno la zamani kuliko kikoba. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika ilipitishwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata Wachagga walikuwa na KNCU, chama chao cha kahawa, mojawapo ya vyama vikongwe barani. Chama kilijenga shule na kikawapa wakulima wadogo nguvu sokoni ambayo mmoja mmoja wasingeipata. Lakini uanachama ulifuata mti wa kahawa, na mti wa kahawa ulifuata kihamba, yaani shamba la ukoo, na kihamba kilifuata mwanamume. Mwanamke alipalilia, alichuma, alimenya na kuanika. Jina lililoandikwa kwenye daftari la chama lilikuwa la mumewe.

Kilichobaki kwake kilikuwa ndizi na maziwa. Na hapohapo Kilimanjaro, Nronga, wilayani Hai, wanawake wakageuza kilichobaki kuwa msingi. Mwaka 1988 walianzisha chama chao cha ushirika wa maziwa, wanachama wakiwa wanawake watupu. Kwa desturi ya pale maziwa yalikuwa ya mama, na walihofia kwamba yakianza kuleta fedha nzuri yangegeuka kuwa ya baba, kama yalivyogeuka mazao mengi. Kwa chama chao walipata mahali pamoja pa kupimia maziwa, bei moja, na malipo kwa jina la aliyekamua. Baadaye walipeleka maziwa mashuleni, na watoto wao wakawa wateja wao.

Mfano wa Nronga una fundisho kwa Paje. Nronga wanawake wanauza pamoja, wakati kikundi cha Paje kinaweka akiba pamoja na kila mwanamke anauza peke yake.

Tangu mwanzo wa kilimo cha mwani, kampuni zilizotoa kamba na tai-tai ndizo zilizonunua mavuno, kwa bei waliyoipanga wao. Mkulima aliyefungwa kwa kamba ya mnunuzi hana la kujadili. Inachukua kilo saba au nane za mwani mbichi kupata kilo moja kavu, na kwa miaka mingi kilo hiyo ya spinosum ililipwa mamia machache ya shilingi. Cottonii ililipa karibu mara mbili. Lakini tangu miaka ya 2000 maji ya kina kifupi yamezidi kupata joto, matawi ya cottonii yakawa yanapauka na kukatika, na katika sehemu kubwa ya Unguja aina hiyo imetoweka. Inastawi bado kwenye maji ya kina, yenye ubaridi. Kwenda huko kunataka dau, na kunataka kujua kuogelea, jambo ambalo wasichana wengi wa pwani, ajabu ya Mungu, hawakufundishwa. Wakati huohuo hoteli na michezo ya upepo vimeingia katika ukanda uleule wa bahari, na shamba la mwani linaanza kuitwa kero mbele ya mgeni.

Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, amekuwa na wakulima hawa kwa miongo. Kupitia jukwaa lililoanzishwa mwaka 2006 kuwakutanisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani, walijaribu neti za mirija zinazoelea kwenye maji ya kina, na wakaanza kuusaga mwani badala ya kuuza mkavu ghafi. Katika vijiji vya Kidoti na Bweleo wanawake hutengeneza sabuni kwa unga wa mwani, mafuta ya nazi na manukato kama karafuu. Kipande kimoja cha sabuni hiyo huuzwa kwa bei inayozidi ile waliyolipwa kwa kilo nzima ya mwani mkavu. Serikali ya Zanzibar nayo imeunda kampuni yake ya mwani na kuanzisha ujenzi wa kiwanda Chamanangwe, Pemba. Hizo ni hatua za kweli. Lakini sabuni inakula sehemu ndogo sana ya mavuno, na soko lake kubwa ni mtalii. Mwani mwingi bado unaondoka kwenye magunia kama ulivyoondoka mwaka 1990.

Vikundi vya akiba vingeweza kufanya mengi hapa. Kikundi cha wanawake 25 chenye shilingi milioni saba kwa mwaka, kikiungana na vingine vitatu, kina uwezo wa kununua kamba zake chenyewe, na siku hiyo mnunuzi anapoteza haki ya kusema mwani huu ni wangu. Kina uwezo wa kuweka ghala kavu na kusubiri bei mwezi mzima. Kinaweza kununua dau. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji uvumbuzi mpya. Linalohitajika ni kwamba sehemu ya akiba isivunjwe kila mwaka, ibaki kama mtaji wa pamoja, na hapo katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa inabidi iwe katiba ya ushirika wa kuuza. Hatua hiyo ni ngumu, kwa sababu mgao ndio unaowapa wanachama imani: kila mwaka wanaiona fedha yao kwa macho na kuishika. Kuwaomba waiache ndani ni kuwaomba waamini kitu wasichokiona, na wanawake hawa wana kumbukumbu ya vyama vilivyokufa na fedha za watu.

Kwa hiyo wasisukumwe. Lakini wapewe kwanza kinachowezesha uamuzi huo: bei inayotangazwa kabla ya kuvuna, mizani iliyokaguliwa, sehemu ya bahari inayotambuliwa kisheria kuwa shamba lao, na mabinti wafundishwe kuogelea. Maafisa wengi hupenda kufika kijijini siku ya mgao, fedha zikiwa zimepangwa mezani na picha zikipendeza. Anayetaka kuwasaidia wanawake hawa kweli afike siku ya bamvua, ashuke nao hadi kwenye vigingi, na abaki mpaka mnunuzi atakapokuja kupima.